Tumaini si kudhani mambo yatanyooka tu

Ndugu, umeuliza kama tumaini la Kikristo si ile ile imani ya watu wa kisasa kwamba kesho itakuwa nzuri kuliko leo. Hapana, tena ziko mbali. Usasa, yaani fikra za zama za kisasa, uliegemea sayansi na maendeleo; vita viwili vya dunia vikaitia aibu ahadi hiyo. Ndipo wakaja waliochoshwa na ahadi zote. Lyotard, mwanafalsafa Mfaransa, aliandika mwaka 1979 kwamba zama hizi haziziamini tena simulizi kuu, yaani zile zinazodai kueleza historia yote na mwisho wake, na mimi simlaumu: simulizi nyingine zimeua watu wengi.

Sasa mtazame Jürgen Moltmann, mwanateolojia Mjerumani. Mwaka 1943, akiwa na miaka 17, mabomu yaliiteketeza Hamburg, mji wake. Rafiki aliyesimama kando yake akafa, yeye akabaki. Baadaye akawa mfungwa wa vita wa Waingereza, na kambini akapewa Biblia. Hakushikwa na maneno matamu. Alishikwa na kilio cha Yesu katika Marko 15: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kitabu chake kuhusu tumaini kilitoka 1964.

Kwa hiyo tumaini hili halisomi dalili za nyakati kwanza. Linaanzia kwenye kaburi lililokutwa tupu, yaani pale ambapo hesabu zote zilikuwa zimeshafungwa. Anayelishika anaweza kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa asiyepona, akamshika mkono, bila kumdanganya kwamba atapona.