Siku chache Havana: kwa familia au hotelini?

Mkuu, umeuliza kama mtu anayepita Havana siku mbili tatu na begi lake mgongoni afikie hotelini au kwenye zile nyumba za familia wanazoziita casa particular. Mimi nilifikia kwa familia, mtaa wa Vedado, na nikienda tena nitafanya hivyohivyo. Ila ujue mapema kwamba ile ni biashara yenye leseni ndani ya sebule ya mtu. Serikali ya Cuba iliihalalisha mwaka 1997, nchi ikiwa na njaa ya fedha za kigeni baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika. Ukidhani umealikwa kwa shangazi mtakwaruzana, na ukitarajia huduma za hoteli mtakwaruzana vilevile.

Panapowahangaisha wengi ni kufika. Anwani utapewa hivi: Calle 17 e/ E y F, yaani barabara ya 17, kati ya E na F. Vedado ni rahisi, barabara zinazokwenda sambamba na ufukwe zina namba witiri, na upande huo zinazozikata zina herufi. Habana Vieja, yaani mji mkongwe, sahau, kule barabara zina majina matupu. Sasa kuna madalali. Kijana alinidaka kwenye kona ya mwisho kabisa, akaniapia kuwa nyumba imejaa na mwenye nyumba kamtuma anipeleke kwa dada yake. Nikamjibu sawa, ngoja kwanza nikamsalimie huyo mama. Nikabonyeza kengele, mama akachungulia kutoka roshani ya juu, akanidondoshea ufunguo. Kugeuka, kijana hayupo. Dalali akikupeleka kwingine hulipwa kamisheni kwa kila usiku utakaolala, na anayeilipa kwa mlango wa nyuma ni wewe. Kwa hiyo jina la mwenyeji, anwani na simu yake viwe kwenye karatasi, siyo kwenye simu ambayo huenda haina intaneti. Mlangoni tafuta alama ya buluu kama nanga iliyopinduliwa. Yenye rangi nyekundu ni nyumba za kupangisha Wacuba wenyewe.

Ukiingia tu utaombwa pasipoti. Usinune. Mwenyeji anakuandika kwenye daftari, unasaini, taarifa zinakwenda uhamiaji, na asipofanya hivyo leseni yake iko hatarini. Ndiyo maana huwezi kumleta rafiki mliyekutana jioni Malecón, ile barabara ya ufukweni, ukategemea atalala humo kimyakimya.

Hela: kadi za benki za Marekani hazisomi kule, beba euro taslimu, noti ndogondogo. Zile peso za CUC zinazotajwa kwenye vitabu vya zamani vya wasafiri zilifutwa 1 Januari 2021, mtu akikupa chenji ya hizo mrudishie.

Chai ya asubuhi mara nyingi haimo kwenye bei ya chumba, ulizia usiku wa kwanza. Chakula cha jioni unaweza kula hapohapo, na kwa maoni yangu kinaishinda migahawa mingi ya watalii, ila mwambie mama tangu asubuhi. Bidhaa ni adimu na foleni ni ndefu, hawezi kukupikia kwa kushtukizwa. Umeme nao ni mtihani. Oktoba 2024 gridi ya nchi nzima ilizimika, na mgao umeendelea, hivyo kabla hujakubaliana bei uliza kama nyumba ina jenereta au betri. Tochi na pawabenki usiache. Maji yanatoka kwenye tangi la juu ya paa na pampu inataka umeme, kwa hiyo oga haraka.

Mwisho, ukitaja kwamba kesho unaelekea Viñales au Trinidad, miji mingine ya Cuba, mwenyeji atataka kumpigia simu mwenzake wa huko akushikie chumba. Mimi nilikubali na nilipata nyumba safi. Nawe kama umeshapata pa kufikia, mwambie kabla hajapiga, maana huko mbele kuna mtu atakayekusubiri stendi ameshika karatasi yenye jina lako.