Becker au Graf: nani alipendwa zaidi Ujerumani?

Kwa mataji ni Steffi Graf, hakuna ubishi: mataji 22 ya mchezaji mmoja mmoja ya Grand Slam, yaani mashindano 4 makubwa zaidi ya tenisi, Becker 6. Lakini aliyewatia Wajerumani wazimu wa tenisi ni Boris Becker. Alitwaa Wimbledon, moja ya hayo manne, tarehe 7 Julai 1985 akiwa na miaka 17 tu, Mjerumani wa kwanza kulibeba taji hilo kwa wanaume, na hakuwemo hata kwenye orodha ya 16 waliopewa nafasi ya kufika mbali.

Halafu tazama alivyocheza: sevu (mpira wa kuanzisha) nzito, anakimbilia wavuni, mpira ukitaka kumpita anajirusha mzimamzima na kutua kifua kwenye majani. Watu walikuwa wanangoja hilo. Akaongeza Kombe la Davis, shindano la timu za mataifa, 1988 na 1989, na pale anachezea nchi, si mfuko wake. Graf, hata mwaka 1988 alipobeba Grand Slam zote 4 na dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, alimaliza kazi akaondoka kimyakimya.

Nazungumzia enzi zao. Hukumu ya London ya 2022 kuhusu kuficha mali baada ya kufilisika ilimchafulia Becker jina, heshima ya Graf imebaki palepale.