Chuo cha jamii Marekani: ufundi wa viwandani kwa miaka miwili

Dada, umeuliza kama mdogo wako mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) akisomea teknolojia ya uzalishaji viwandani kwenye chuo cha jamii hapa Marekani atapata ujuzi wa kweli au karatasi ya kuweka kabatini. Mwache asome. Ni ufundi hasa: kwa kawaida anaanza kukereza chuma kwa mashine za kuendeshwa kwa mkono, ndipo anahamia mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, ambako anaandika amri na mashine inakata. Kwa mfano, amri ya G00 ni kusogea haraka bila kukata, G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka kwa kasi aliyoipanga mwenyewe.

Inchi ndizo zitakazomsumbua mwanzoni. Sisi tumekulia kwenye milimita. Huku fundi anazungumzia elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.0254, na kipande kikikosewa kiasi hicho tu kinaweza kutupwa. Azoee kusoma maikromita, kifaa cha kupimia vipimo vidogo hivyo, tangu sasa.

Kabla ya kujiandikisha aulize: shahada hiyo ya miaka miwili ni AAS (Associate of Applied Science) au AS (Associate of Science)? AAS imelenga kazini, na vyuo vikuu vingi havipokei masomo yake yote. Kama ana ndoto ya kuendelea chuo kikuu kusomea uhandisi, achukue AS. Na tafadhali ajaze mapema FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada. Mwenye green card anaruhusiwa kuomba Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye uhitaji, na hiyo si mkopo. Asisaini mkopo wowote kabla hajapata jibu la ombi hilo.