Pato la taifa: nani anaamua kihesabiwe nini?

Umeuliza siasa inaingiaje kwenye pato la taifa, yaani jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa nchini kwa mwaka, wakati ni hesabu tu. Inaingia pale pale mtu anapoamua nini kihesabiwe. Mama akimnyonyesha mwanawe, takwimu hazioni kitu. Akinunua maziwa ya kopo, uchumi umekua. Kazi ile ile ya kumlisha mtoto! Hili huniumiza, kwa sababu kisichohesabiwa ni rahisi kukinyima bajeti.

Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa haupimiki kwa hesabu hiyo. Onyo likawekwa kando, namba ikatawala.

Na ina nguvu kweli. Mwaka 2014 Nigeria ilisasisha mwaka wa kizio wa takwimu zake, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake ndiyo msingi wa hesabu, pato likapanda kwa karibu asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Mfukoni mwa mwananchi hakikuongezeka kitu siku ile, lakini uwiano wa deni kwa pato ulishuka, na huo ndio wakopeshaji huutazama.

Mbadala upo. Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa, tangu 1990, inaongeza elimu na umri wa kuishi. Bhutan, nchi ndogo ya Asia, inapima furaha ya watu wake. Ila kwangu mimi kilicho muhimu zaidi ni hatua ya New Zealand mwaka 2019: waliingiza ustawi ndani ya bajeti yenyewe, kwa hiyo wizara ikiomba fedha ilibidi ieleze maisha ya nani yataboreka.