Risasi tatu hazikwambii kitu, mkuu

Usinunue! Rudisha kadi mfukoni kwanza.

Unasema kwa risasi unazojitengenezea nyumbani, makundi yako ya risasi tatu kwa yadi 100 yalikuwa na upana wa nusu inchi toka tundu hadi tundu kwenye karatasi, ukazamisha kichwa cha risasi kidogo zaidi kwenye ganda, yakawa inchi na robo. Sasa unauliza presi ipi (mashine ya kubania kichwa kwenye ganda), mizani ipi ya baruti, na kama ununue kile kipimo cha kuona risasi imenyooka. Mkuu, hujaharibu kitu. Na mwanzoni hukuwa umetengeneza kitu.

Chukua bunduki ileile, risasi za boksi moja, piga tatu, badilisha karatasi, piga tatu tena. Kundi moja litatoka dogo la kupigia picha, lingine utadhani ulishika gobore. Hakuna kilichobadilika ila bahati. Kwa wastani kundi la risasi 10 hutanuka zaidi ya mara moja na nusu ya kundi la 3, mtutu uleule, mpigaji yuleyule. Anayejisifu "bunduki yangu nusu inchi" kwa matundu matatu anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mimi nilimnunua huyo mbuzi, na kamba yake. Kuna bingwa mmoja wa uwanja wa shabaha hapa Texas, ana video na sauti ya uchungaji, alinifundisha kupandisha baruti sehemu mbili za kumi za greni (kipimo kidogo sana cha uzito) kila hatua, risasi tatu tatu, hadi nione mahali bunduki "inapotulia". Nikapaona! Jumamosi iliyofuata pamehama. Akasema ni fataki, kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti. Nikabadilisha fataki, tena mwaka 2021 zilipokuwa adimu kama sukari ya magendo. Akasema shingo za maganda zimekakamaa, nikanunua mashine ya kuzipasha moto. Kisha kina cha kichwa, sehemu moja ya elfu ya inchi kila hatua. Mwisho nikawa napunguza baruti punje kwa punje kwa kibano. Mke wangu gereji akaiita kwa bi mdogo. Kila badiliko lilithibitishwa na risasi tatu, na kila uthibitisho ulikufa wiki inayofuata, na bingwa hakukosa sababu mpya hata siku moja.

Unajua kilichoniuma? Si mashine, hizo niliziuza. Mtutu wa 6.5 Creedmoor, aina ya risasi ninayopiga, huanza kuchoka koo, pale kichwa cha risasi kinapoingilia mtutuni, kwenye risasi kama 2,000 hadi 3,000. Wangu niliumaliza nikiutafutia risasi yake. Nilipofunga mtutu mpya, daftari zima la vipimo likawa la kuwashia jiko. Bingwa nilipomwambia, akajibu kwamba sasa ndiyo tunaanza vizuri. Nilimwacha hai kwa kuwa watu walikuwa wengi.

Hata kronografu, kile kipima kasi ya risasi, isikutishe. Kasi za risasi tano zikikaribiana, usikimbilie kusherehekea, hiyo nayo ni bahati nasibu ileile.

Risasi 20, karatasi moja. Kabla ya hapo usiguse kina, usiguse fataki, usiguse chochote. Ukitaka kulinganisha vitu viwili, piga 20 kwa 20, weka karatasi sambamba mezani. Usipoona tofauti kwa macho, haikustahili pesa yako.

Umakini wako upeleke panapoua: anza na kipimo cha chini cha baruti kwenye kitabu cha vipimo, usivuke cha juu, na mulika kila ganda kwa tochi kabla hujaweka kichwa, maana ganda lililojazwa baruti mara mbili halisubiri takwimu. Mnaosoma mkiwa nyumbani, haya ya gerejini ni ya Marekani, huko mtalala ndani.

Presi? Hiyohiyo uliyonayo. Mizani nitakujibu siku nyingine.

Piga hizo 20 wikiendi hii, bila kubadilisha kitu, uweke picha hapa. Karatasi nzima, na lile tundu la pembeni usilikate ukasema ulipiga chafya.