Python au Model 14? Umepima risasi, hujapima bastola

SWALI: Shikamoo, fundi. Mimi ni mtoto wa Makorora, Tanga, ila sasa nafanya kazi Ohio, Marekani, na huko nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha. Mzee mmoja wa klabu aliniazima bastola zake mbili za silinda, Colt Python na Smith & Wesson Model 14, pamoja na risasi za .38 Special anazojaza mwenyewe nyumbani. Nikiwa nimesimama, kwa yadi 25, nilipiga tano kwa kila bastola. Matundu ya Python yalikaa ndani ya inchi 3.4, ya Smith & Wesson inchi 4.3. Nipo nyumbani likizo na kaka zangu barazani wanasema nisihangaike, ninunue Python. Wewe uliyefanya ufundi wa silaha unasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuzungumzia bastola, kuna swali ambalo hukumuuliza yule mzee: risasi zile alizijaza kwa ajili ya bastola ipi?

Mtu anayejaza maganda kwa mkono hajazi hivihivi tu. Hubadilisha kipimo cha baruti kidogo kidogo, hubadilisha kichwa cha risasi na kina cha kukikalisha kwenye ganda, kila mara anapiga karatasi na kupima, mpaka apate mchanganyiko unaopendwa na mtutu wake. Kama mzee alitafuta mchanganyiko ule kwa Python, basi Model 14 imevishwa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwenzake, na wewe ukasema haina umbo.

Na mitutu hiyo miwili haifanani kabisa. Mifereji ya ndani ya mtutu wa Python huzungusha risasi kuelekea kushoto, mzunguko mmoja kamili kwa kila inchi 14. Ile ya Smith & Wesson huzungusha kulia, na mzunguko mmoja huchukua inchi 18.75. Risasi za shabaha za .38 kwa kawaida zina kichwa bapa cha greini 148, yaani gramu 9.6 hivi, na huenda polepole kwa makusudi. Bapa ile hukata karatasi tundu safi la duara, ndiyo maana wapigaji wanaipenda. Lakini ikiwa polepole mno kwenye mtutu unaozungusha taratibu, huanza kuyumba kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa yadi 25 huenda usione kitu. Kwa yadi 50 utaona. Nyongeza ndogo ya mwendo, ambayo Python haikuihitaji, inaweza kuwa ndiyo dawa ya Model 14. Nyongeza hiyo aitafute mwenyewe mzee, ndani ya mipaka ya kitabu cha vipimo cha mtengeneza baruti. Wewe usiguse.

Kisha kuna silinda. Kila silinda hapo ina vyumba sita, na kila chumba kina koo lake mbele, pale risasi inapopita kuingia mtutuni. Koo likiwa pana kuliko risasi, risasi hupita ikilegalega; likiwa jembamba, huiminya. Katika karakana nimeona silinda yenye vyumba vitano safi na kimoja kibaya, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa kikitupa risasi nje ya kundi la matundu kila mzunguko. Wewe umepiga tano kwenye vyumba sita. Chumba kipi kilibaki? Hujui, na mimi sijui. Weka alama za kalamu, 1 hadi 6, piga zote sita, na uandike kila tundu limetoka chumba kipi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo baraza nyingi zinapopotea. Chukua bastola moja, risasi za aina moja, mkono mmoja, upige makundi ya risasi tano tano siku nzima. Upana wa makundi hayo utapanda na kushuka kwa kadiri ya robo ya wastani wake, bila kitu chochote kubadilika. Kati ya 3.4 na 4.3 kuna tofauti ya robo hivi. Maana yake, Python ingeweza kukupa namba zote mbili, asubuhi 3.4 na mchana 4.3.

Tena ulisimama. Mtikisiko wa mkono na mtawanyiko wa bastola havijumlishwi kama machungwa ya Muheza kwenye tenga. Hujumlishwa miraba yake, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Tuseme mkono wako peke yake hutawanya inchi 4. Bastola yenye uwezo wa inchi 1.5 itakupa kundi la inchi 4.27. Yenye inchi 2 itakupa 4.47. Nusu inchi ya ubora wa chuma imegeuka moja ya tano ya inchi kwenye karatasi. Mkono umeimeza.

Kwa hiyo ukirudi Ohio, kaa mezani, mikono juu ya mifuko ya mchanga, mtutu usiguse kitu. Tafuta risasi za aina tatu: za mzee, boksi la risasi za shabaha za kiwandani, na zile ambazo mzee atakubali kuzitafutia kipimo kwa Model 14. Piga sita kwa Python, sita kwa Model 14, urudi Python, hivyohivyo, ili uchovu wako na jua vigawanywe sawa. Makundi matano kwa kila bastola na kila aina ya risasi ndiyo kiwango cha chini. Usipime tu matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Tafuta katikati ya kundi, pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, chukua wastani. Kipimo hicho hutumia risasi zote sita, si mbili tu.

Kuna jambo la usalama ambalo nakuomba ulishike kuliko yote. Python ni bastola ya .357 Magnum inayokubali pia .38 Special. Model 14 ni ya .38 Special tu. Shinikizo la juu la .38 Special ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, la .357 ni 35,000. Ganda la .357 lilifanywa refu zaidi lisiingie kwenye silinda ya .38, lakini anayejaza mwenyewe anaweza kutia nguvu nyingi ndani ya ganda fupi akijua atalipiga kwenye Python. Muulize mzee waziwazi: je, risasi hizi zote zimo ndani ya kipimo cha .38 Special? Akisita, zirudishe. Na ganda la .38 lilibuniwa enzi za baruti nyeusi, kwa hiyo baruti ya leo hukaa chini kabisa na kuacha nafasi tupu. Baruti ikitiwa mara mbili kwa bahati mbaya, ganda halimwagiki kumwonya mtu. Na mlio ukiwa dhaifu isivyo kawaida, dalili kwamba baruti ilipungua, acha, toa risasi zote, uangalie mtutu. Risasi iliyokwama ndani ikifuatwa na nyingine hupasua bastola mkononi.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Madini ya risasi ni sumu, na vumbi lake hukaa vidoleni.

Hapa nyumbani usimwige mzee wako. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usije ukasahau hata ganda tupu moja ndani ya begi la safari.

Kuhusu kununua: kwa ushahidi ulionao sasa, nisingelipia jina la Python. Ningeshika zote mbili bila risasi, mtutu ukielekea upande salama, nivute kifyatulio mara hamsini kila moja, nitazame kilengeo kinatikisika wapi. Ukiegemea Python, uliza kama ni ya zamani au ni hizi zilizorudi kiwandani mwaka 2020, maana mitambo yake ya ndani si ileile. Nitumie picha za karatasi zako ukishapiga, na rula ikiwa imelazwa pembeni ya matundu.