Yoti iliyoachwa baharini: bima inalipa?

Kaka, unasema injini ilizima nje ya Pangani, maji yakaingia, mkaiacha yoti na kuokolewa na wavuvi. Kuokoa roho zenu hakufuti bima. Swali ni maji yaliingiaje. Mkigonga mwamba, dai unalo. Bomba likiwa limeoza tu, watakwambia ni uchakavu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Iandikie kampuni leo (simu haitoshi), utaje saa na mahali. Usikae ukingoja cheki: sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya 1906, inayofuatwa na mikataba mingi ya yoti, inakutaka upunguze hasara. Wavuvi wakiivuta hadi Tanga haiwi yao, ila wana haki ya ujira wa uokoaji. Usiahidi bei kabla bima haijajua.